Gari kubwa la gia mjini: Sachangwan ilinifunza nilichodhani nakijua

Kila nikishuka Mombasa, swali ni lile lile. Nakaa barazani Kibokoni na kikombe cha kahawa tungu, na kabla sijamaliza kashata yangu, mtu ashauliza: "Kwani bado wateseka na lile gari la gia? Watu wote wako kwa otomatiki siku hizi." Mwengine hudakia kwamba gari la aina ile ni la polisi na watu wa mbuga za wanyama. Mtu wa mjini ataka nini nalo?

Huwa nacheka, nanyamaza. Lakini mwaka huu swali hilo nimeulizwa na mtoto wa kaka yangu, aliyepanda huku kunisaidia kazi, na yeye sikuweza kumjibu kwa kucheka. Yeye ndiye atakayelishika usukani gari hilo. Nimeona niyaandike hapa kwa sababu vijana wetu wengi wa pwani sasa wanapanda bara kutafuta riziki, na wengi wao walijifunza udereva kwenye barabara tambarare, kwa magari yanayojibadilishia gia yenyewe. Huku juu mambo ni mengine.

Njia yangu ya kila siku

Mie nafanya biashara ya viazi. Nakaa Elburgon, mji mdogo wa mbao na viazi ulio pembeni mwa msitu wa Mau, kaunti ya Nakuru. Reli ya zamani iliyotoka kwetu Mombasa kuelekea Kisumu yapita hapa hapa mjini. Na vile viazi vya karai mnavyokula jioni huko Mombasa, vingi vyatoka mashamba ya huku, Elburgon na Molo, vikapitia soko la Kongowea.

Shehena ya Kongowea huenda kwa lori. Lakini siku sita kwa wiki, mie mwenyewe hupeleka magunia sita ya kilo 50 kwa wenye mikahawa na wauza chipsi mjini Nakuru. Nakuru ni jiji sasa. Ilipewa hati yake Disemba 1, 2021, ikawa jiji la nne la Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kutoka kwangu mpaka huko kwa kupitia Njoro ni karibu kilomita 40, kwa hivyo kwenda na kurudi ni kama 80. Na kabla ya hizo kuna kilomita chache za udongo za kuwafikia wakulima upande wa Mariashoni, ambazo mvua ikinyesha huwa tope tupu.

Gari langu ni Land Cruiser 76, ile ya umbo la sanduku. Nililinunua likiwa limeshatumika na wenyewe. Injini ni ya dizeli, silinda 6, lita 4.2, na haina tabo, yaani haina kifaa cha kuisukumia hewa. Gia ni tano na rivasi, zote za mkono. Ndugu yake wa pikapu, ile 79 muionayo na polisi, huunganishwa hapo hapo Mombasa kwetu. Toyota walianza kutoa ukoo huu wa 70 mwaka 1984, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Mwaka 2023 walitangaza 70 ya injini ya lita 2.8 yenye gia za otomatiki, lakini hiyo bei yake si ya muuza viazi.

Kwa hivyo jibu langu la kwanza kwa watu wa baraza ni hili: gari hili sikulinunua kwa ajili ya jiji. Nililinunua kwa ajili ya tope la Mariashoni. Jiji limeingia tu kwa sababu ndiko pesa ziliko. Na siku nyingi, saa za tope ni chache kuliko saa za foleni.

Hewa ya huku si ya pwani

Jambo la kwanza lililonishangaza nilipolileta gari huku ni kwamba lilikuwa zito. Nikadhani nimeuziwa injini mbovu. Fundi mmoja wa hapa akacheka, akaniambia: "Mzee, gari ni zima. Ni hewa."

Elburgon iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, kanieneo ya hewa hupungua kama robo ukilinganisha na Mombasa. Injini huunguza mafuta kwa hewa. Hewa ikipungua, nguvu hupungua. Injini yenye tabo hujisaidia kwa kujisukumia hewa zaidi, lakini hii yangu hunywa hewa kama ilivyo. Ukiikanyaga mafuta sana kwenye mlima, hutoa moshi mweusi, na moshi huo ni dizeli uliyoilipia ambayo haikupata hewa ya kuungulia.

Hapo ndipo gia za mkono zinapopata kazi. Dereva aliyezoea Mombasa huona gari limechoka akakanyaga mafuta zaidi. Huku, gari likianza kuchoka unarudi gia moja chini mapema, kabla injini haijaanza kutetemeka. Gia ya chini huipa injini nafasi ya kuzunguka haraka na kuvuta mzigo ule ule kwa nguvu ndogo iliyo nayo. Kutoka Njoro kupanda Elburgon jioni, kuna mahali nilipokuwa nang'ang'ana na gia ya nne na wingu la moshi nyuma yangu. Siku hizi natia ya tatu pale mwanzo wa mlima, nafika juu bila moshi na wala sijachelewa.

Asubuhi za Julai nazo zina adabu zake. Dizeli haina cheche ya kuwashia kama petroli. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Injini ikilala kwenye baridi kali, lazima uwashe swichi kwanza, usubiri ile taa ya kupasha moto izime, ndipo upige stati. Mtu wa pwani hana subira hiyo, kwa sababu kwao hakuna baridi. Mie nilimaliza betri moja kabla sijajifunza.

Foleni ya Nakuru na mguu wa kushoto

Sasa tuingie mjini. Ikifika saa mbili asubuhi, barabara ya Kenyatta Avenue na njia za kuelekea sokoni zimejaa matatu, tuktuk, boda boda na mikokoteni. Unasogea mita tano, unasimama. Hapa ndipo watu hulaani gari la gia, na kwa haki. Klachi ya Land Cruiser si laini kama ya gari dogo. Mwaka wa kwanza goti langu la kushoto liliuma mpaka nikadhani ni baridi yabisi.

Kosa langu kubwa lilikuwa balansi. Balansi ndiyo walimu wa udereva huita kule kulishika gari kwa klachi nusu, lisirudi nyuma wala lisiende mbele. Klachi, kwa maneno mepesi, ni sahani iliyobanwa kwenye gurudumu la injini. Ukiachia pedali kabisa, sahani imebanwa na vyote vyazunguka pamoja. Ukikanyaga kabisa, vimeachana. Ukishika nusu, vinasuguana kama viganja viwili vya mtu anayejipasha moto, na kila msuguano unakula sahani. Gari lenye uzito wa zaidi ya tani 2, na magunia juu yake, ukilishika kwa balansi foleni nzima, utaisikia klachi inanuka kabla hujafika unakokwenda.

Kama umewahi kushuka feri ya Likoni maji yakiwa yamekupwa, waujua ule mwinamo wa kutoka. Magari yamepangana, la mbele limesimama katikati ya kilima, nyuma yako umati wa watu kwa miguu. Wengi hulishika gari pale kwa balansi. Njia sahihi ni handbreki. Vuta handbreki, tia gia ya kwanza, achia klachi taratibu mpaka usikie gari limeinua pua kidogo, kisha ndipo uachie handbreki. Gari halirudi hata kidole. Huku Nakuru, ambako boda boda huja kukubusu bampa ya nyuma kwenye kila kilima, hiyo si hiari. Gurudumu la akiba limening'inia mlango wa nyuma na linamficha kabisa mtu wa pikipiki. Usipomuona na ukarudi nusu mita tu, umemuumiza.

Kwenye foleni ya tambarare nimejifunza kuitumia injini yenyewe. Injini hii ya dizeli ina nguvu nyingi ikizunguka polepole. Ukitia gia ya kwanza na kuachia klachi kabisa, bila kukanyaga mafuta, gari hutembea lenyewe mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Kwa hivyo naacha nafasi mbele yangu, nalisogeza taratibu, na wengine wanaposimama na kuondoka mara kumi, mie nasimama mara mbili tatu. Matatu huingia kwenye ile nafasi, ndiyo. Waingie. Sahani ya klachi ni ghali kuliko kiburi. Na nikiwa sina mzigo, naondokea gia ya pili moja kwa moja, maana ya kwanza ya gari hili ni fupi, ni ya kazi ya milima na tope.

Kuna mambo mengine ya mjini ambayo hayana uhusiano na gia lakini yanafuatana na gari la aina hii. Boneti yake ni ya juu. Mtoto wa shule akipita karibu na bampa ya mbele, mie niliyekaa juu simuoni. Kwa hivyo penye shule na penye kivuko sitegemei macho peke yake. Nasimama mbali kidogo. Kona nazo si za kukata kama wenye magari madogo, kwa sababu uzito uko juu na gari huegama. Na kuegesha kwenye nafasi zilizochorwa mjini ni kazi ya kwenda mbele na nyuma mara tatu. Nikiegesha mlimani, handbreki peke yake siiamini. Naliacha ndani ya gia vilevile.

Usiendeshe tope kwenye lami

Watu wengi wanaonunua magari haya mjini hudhani kwamba ukiwasha magurudumu yote manne barabarani, gari linakuwa salama zaidi. Kwa gari kama langu, ni kinyume chake.

Kwenye kona, kila gurudumu husafiri urefu wake. Ya mbele huzunguka njia ndefu kuliko ya nyuma. Nikitia nne kwa nne kwenye gari hili, mbele na nyuma vinafungwa pamoja vizunguke sawa. Kwenye tope hakuna neno, magurudumu huteleza kidogo na mambo yakaenda. Kwenye lami kavu hayawezi kuteleza, kwa hivyo vyuma vinajipinda ndani. Usukani unakuwa mgumu, gari linakataa kona, na mwishowe kitu kitavunjika. Ndiyo maana nikitoka Mariashoni, nikigusa lami tu, narudisha mbili. Ni kama mtu aliyetoka baharini: kabla ya kuingia sebuleni, wavua viatu vya mchanga.

Tairi nazo ni hivyo hivyo. Zile zenye meno makubwa hupendeza macho na hushika tope vizuri, lakini kwenye lami iliyolowa sehemu yake inayogusa barabara ni ndogo, na gari huchelewa kusimama. Mie nimechagua za katikati, si za tope wala za lami, na wakati wa mvua naenda polepole.

Siku ya Sachangwan

Haya yote ni usumbufu tu. Niliyoyaona Sachangwan hayakuwa usumbufu.

Ilikuwa msimu wa mvua, miaka kadhaa nyuma. Barabara ya Njoro ilikuwa imezibwa na lori la mbao lililolala. Nikaamua kuzunguka kwa Molo, nitokee barabara kuu pale Kibunja, kisha nishuke Sachangwan mpaka Salgaa na kuingia Nakuru. Nilikuwa na magunia manane siku hiyo, kilo 400, na mteja alikuwa ashapiga simu mara tatu.

Mteremko ule una historia. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Disemba 31, 2017, alfajiri, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo, watu 36 wakapoteza maisha. Na kwa miaka mingi kumekuwa na ajali za malori yaliyoshindwa kusimama kwenye mteremko wa kuja Salgaa. Jambo lililolalamikiwa sana ni madereva kuweka nyutro juu ya mlima na kuliacha lori lijiteremkie, ili waokoe dizeli.

Mie niliyajua yote hayo. Wageni wangu wa kutoka pwani nilikuwa nikiwasimulia tukipita. Na siku hiyo nikafanya yale yale kwa namna yangu. Sikuweka nyutro, lakini niliacha gia ya tano, na mguu wangu wa kulia ukakaa juu ya breki. Gari likitaka kukimbia, nakanyaga. Likipoa, nalegeza. Kisha nakanyaga tena. Nilikuwa nafikiria mteja.

Nusu ya mteremko, pedali ikaanza kuwa ndefu. Naikanyaga inazama zaidi ya kawaida, na gari halipungui kama nilivyozoea. Kisha nikasikia harufu, kama ya plastiki inayoungua. Mbele yangu kulikuwa na lori la kontena likienda mwendo wa kinyonga. Sikuwa na mahali pa kumpitia.

Nikatia gia ya nne, kisha ya tatu. Injini ikanguruma kama itapasuka, na gari likavutika nyuma kama mtu aliyeshikwa kanzu. Nikavuta na handbreki kidogo kidogo. Nilipofikia mwendo wa lile lori, kati yetu pengine ilikuwa imebaki nafasi ya magari mawili. Nikalifuata nyuma yake, gia ya pili sasa, mpaka Salgaa, nikaegesha pembeni. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakitoa moshi. Mikono yangu haikuweza kuzima swichi.

Salgaa ni kituo cha madereva wa malori. Mmoja wao, mtu wa makamo, aliacha chai yake akaja. Mie nilikuwa nimeshashika chupa ya maji. Akaniambia: "Usimwage maji hapo, mzee. Chuma kitapinda. Kiache kipoe chenyewe." Kisha akaniuliza: "Ulishuka na gia gani?"

Nikamwambia. Akatazama magunia, akatikisa kichwa.

"Gia unayopandia mlima ndiyo unayoshukia. Breki ni ya kusimamisha gari, si ya kulibeba."

Kwa nini gia ni breki

Nimeyarudia maneno yake kwa watu wengi tangu siku hiyo, na nimejifunza sababu zake.

Breki hupunguza mwendo kwa msuguano, na msuguano ni joto. Ukikanyaga mara moja, joto hutoka na hewa. Ukikanyaga dakika tano mfululizo na tani kadhaa nyuma yako, joto halina pa kwenda. Pedi zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena. Na mafuta ya breki yakichemka hutoa mvuke ndani ya paipu. Mvuke hubonyea, kwa hivyo unakanyaga pedali na nguvu haifiki kwenye gurudumu. Ndio ule "urefu" nilioukuta mguuni.

Ukiwa ndani ya gia ya chini na umeachia mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini haitaki kuzungushwa. Inakataa kwa msuguano wake na kwa kusukuma hewa ndani na nje ya silinda. Joto lake huondolewa na rejeta na maji, vitu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini injini ya dizeli kwenye gia ya tano haizuii kitu cha maana. Nguvu yake ya kuzuia utaiona kwenye ya tatu na ya pili. Na lazima utie gia hiyo juu, kabla ya mteremko, wakati gari bado ni lako. Ukishachukuliwa na mteremko, kuitia gia ya chini ni bahati nasibu, na ukikosa meno utabaki nyutro kabisa.

Na ile dizeli inayookolewa kwa nyutro? Gari likiwa ndani ya gia na umeinua mguu kwenye mafuta, pampu huikatia injini dizeli, kwa sababu magurudumu yanaizungusha bure. Ukiweka nyutro, injini lazima ipewe dizeli ili isizime. Kwa hivyo kwenye mteremko mkali ambao vyovyote utashika breki, nyutro haikuokolei kitu. Na kama injini itazima ukiwa nyutro, pampu inayokusaidia kukanyaga breki haifanyi kazi tena, na usukani unakuwa mzito kama jiwe.

Nimewahi kuulizwa: je, otomatiki haiwezi? Yaweza. Otomatiki nyingi zina alama ya L, au 2, au sehemu ya kuchagua gia mwenyewe, na zimewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba aliyejifunza Mombasa kwenye tambarare hajapata siku ya kuzigusa. Gari la gia hukulazimisha ufikirie gia. Otomatiki hukuachia usahau, na mteremko hausahau.

Mtoto wa kaka

Sasa nirudi kwa kijana wetu. Ana miaka 22, leseni yake ilikuwa ya otomatiki. Wiki ya kwanza aliniambia: "Ami, liuze hili. Chukua Probox ya otomatiki, mafuta utaokoa nusu." Kwa mafuta hakukosea sana. Gari langu hunipa kilomita 8 au 9 kwa lita, na mjini hupungua.

Nikampeleka Mariashoni siku ya mvua. Hakurudia neno la kuuza.

Lakini leseni ya otomatiki haimruhusu mtu kuendesha gari la gia, kwa hivyo alirudi shule ya udereva, akafanya mtihani upya. Alinuna kidogo kwa sababu ya pesa na muda. Kisha nikampa wiki mbili za uwanjani, kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama. Siku ya kwanza gari lilimzimikia mara kumi na moja, watoto wa shule wakihesabu kwa sauti. Kisha mlima na handbreki. Mwisho kabisa, mteremko wa kushukia Njoro, magunia sita nyuma.

Pale juu aliuliza: "Ami, mbona tusiliachie lijishukie kidogo? Barabara ni nyeupe." Nikamwambia aegeshe. Nikamsimulia Sachangwan yote, pamoja na sehemu ambazo huwa siwasimulii wageni: kwamba nilikuwa najua, na kwamba mikono yangu haikuweza kuzima swichi. Alisikiliza bila kutazama simu. Akatia ya tatu, tukashuka.

Kwa wenzangu wa baraza, basi, jibu ni hili. Kama wewe wakaa Mombasa, kazi yako ni Tudor mpaka Nyali, na hujui tope lilivyo, usinunue gari kama langu kwa sababu ya sifa. Litakula mafuta yako, litakula goti lako, na hutapata pa kuliegesha. Kama njia yako ina tope na mlima wa kweli, litakutunza, ila wewe nawe ulitunze: usilishike kwa balansi, usiwashe nne kwa nne kwenye lami. Na kwa yeyote anayepanda huku, gari lolote aliendeshalo, kabla ya mteremko teremsha gia kwanza.

Wiki iliyopita nilishikwa na homa. Viazi vilikuwa vimeshapakiwa tangu usiku, na mteja hangoji. Kijana akachukua ufunguo. Sikulala. Nilikaa kitandani, nikasikia gari limetoka langoni, likapanda kile kilima kidogo mbele ya nyumba. Juu pale, ambapo barabara huanza kuinama, injini ilinyamaza nukta moja, kisha ikanguruma kwa sauti nzito ya gia ya tatu, ikashuka nayo taratibu mpaka sikuisikia tena.

Saa tatu akapiga simu. "Ami, nimefika. Watu wote wamepata viazi vyao." Akanyamaza kidogo. "Lakini mguu huu wa kushoto, wallahi."